Nambari uliyoitafuta mwenyewe

Wazee wangu na ndugu zangu wa Wusi,

Runinga za intaneti, ruta na kamera za ulinzi zinazidi kushushwa Voi na Mwatate, nyingine zikitumwa na sisi tulio huku Marekani, na pamoja nazo unakuja utapeli ambao tahadhari yetu ya zamani haiuzuii. Tahadhari hiyo mnaijua. Safaricom imetangaza miaka mingi kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000, na kwamba ujumbe wa kitapeli utumwe 333. Mtu akipiga kwa nambari ya kawaida akijiita wa huduma kwa wateja, mnakata. Vizuri. Lakini tapeli ninayemzungumzia hapigi simu. Anangoja apigiwe.

Chukueni mtu aliyefungua runinga mpya. Skrini inamtaka aingize msimbo kwenye tovuti ya kampuni. Anakosea herufi moja ya anwani, au anatafuta tu jina la kampuni na neno msaada. Kinachotokea juu kabisa huenda ni tangazo la kulipiwa, lenye nembo ya kuigwa na nambari ya simu. Anapiga. Anayepokea ana adabu na subira, kisha anadai ada ya kuwasha kifaa, au anasema kina virusi na kuomba aingie kwenye simu kwa programu ya kuiendesha kutoka mbali. Kampuni ya Roku imewaonya wateja wake kwamba haitozi ada ya aina hiyo. Microsoft nayo inasema ujumbe wake wa hitilafu hauwi na nambari ya kupiga. Mwaka 2023 pekee, hasara ya utapeli wa msaada wa kiufundi iliyoripotiwa kwa FBI ilipita dola milioni 900, na sehemu kubwa iliwaangukia wenye miaka 60 na zaidi.

Wazee hao si wajinga. Anayebisha hodi kwako unamhoji. Uliyembishia wewe humhoji, kwa sababu wewe ndiye mwenye shida. Kwa hiyo swali la kujiuliza si nani amempigia nani, bali nambari imetoka wapi. Iliyochapishwa kwenye kitabu cha maelezo ndani ya boksi ina mwenyewe. Iliyookotwa kwenye intaneti ichukuliwe kuwa tangazo la mtu usiyemjua, hadi ithibitishwe.

Mtu atasema hana akaunti ya benki, ataibiwa nini? Simu ndiyo benki yake. Tapeli aliyeona PIN yako kwenye skrini anaweza kumaliza salio la M-Pesa na kukuachia deni la mkopo wa Fuliza juu yake. Mwingine atauliza, fundi wa Voi si mgeni pia? Huenda ni mgeni, lakini ana duka, ana majirani wa kuulizwa, na akiharibu mlango wake unajulikana. Tena hahitaji PIN yako ili kufunga runinga. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vitabu vya maelezo vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Hilo ni kweli, na ndilo linalomsukuma mzee kwenye utafutaji.

Hapo lawama inatugeukia sisi tunaotuma. Tunalipa nauli ya mzigo, kisha tunamwachia mama kazi ya kubahatisha. Kila kifaa kisafiri na karatasi moja ya Kiswahili: anwani kamili ya tovuti, nambari halisi ya kampuni, jina la kijana wa ukoo wa kuulizwa kwanza, na sentensi mbili: kuwasha kifaa hakulipiwi, PIN hapewi mtu yeyote. Kikifika bila karatasi hiyo, msikifungue kwanza. Tudaini sisi.

Ndugu yenu wa ughaibuni