Daftari la Kipupwe, Sumbawanga 2024

Alhamisi, 13 Juni

Waziri wa Fedha, Mwigulu, amesoma bajeti Dodoma. Trilioni 49.35. Jirani yangu muuza viatu aliifungulia redio mpaka mwisho, lakini hapa sokoni hakuna aliyebishana na trilioni, maana namba ya ukubwa huo haimgusi mtu. Watu walikuwa wanasikilizia mafuta, miamala ya simu na saruji. Mwaka jana tozo ya kutuma pesa ilipofutwa tulishangilia, kumbe lita ya petroli na dizeli imeongezewa Sh 100 na mfuko wa saruji Sh 1,000. Tangu hapo muuza viatu akisikia neno "unafuu" huuliza umehamia wapi.

Usiku nimenunua umeme wa LUKU wa 10,000, mara ya kwanza mwezi huu. Meseji imekuja na mchanganuo wake: kodi ya jengo 1,500 imetangulia, kisha VAT asilimia 18, REA 3, EWURA 1. Nimebakiwa na yuniti 23.8, badala ya 28. Jengo lenyewe si langu, mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba ni mama mmoja anayekaa Mbeya kwa mwanawe. Nikimpigia atasema, "Tutahesabiana kwenye pango, mwanangu." Alisema hivyo mwaka jana pia.

Jumapili, 16 Juni

Shemeji amekuja kutoka Mpui na debe la maharage, amepigwa na baridi ya njiani mpaka midomo imepasuka. Tumekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, akanieleza habari za mahindi. Dalali amefika kijijini na anatoa 45,000 kwa gunia, yaani 450 kwa kilo kama gunia ni la kilo 100. Shemeji akaomba nyongeza. Dalali akamjibu, "Mzee, hapo nimeshaondoa ya ushuru."

Nikachukua kalamu. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017: zamani ulikuwa asilimia 5, sasa mazao ya biashara ni 3 na ya chakula ni 2. Asilimia 2 ya 45,000 ni Sh 900. Na kisheria anayepaswa kulipa ni mnunuzi, si mkulima. Shemeji akacheka. Kila mtu Mpui anajua kwamba mnunuzi anaulipa ushuru getini kwa mkono wake, ila unatoka kwenye bei ya mkulima.

Halafu nikamuuliza gunia lenyewe likoje. "Si lumbesa tu, shemeji." Wanajaza mpaka mdomoni, wanaunganisha kipande kingine cha gunia juu, wanashindilia kwa mguu, wanashona kwa kamba. Amepima moja kwenye mzani wa mashine ya kusaga: kilo 120. Kilo 20 za juu kwa 450 ni Sh 9,000. Ushuru wa serikali ni 900, lumbesa ni 9,000, na maneno yote ya jioni hii yalikuwa juu ya ile 900.

Lumbesa imepigwa marufuku, Wakala wa Vipimo wanaisema kila msimu. Nimejaribu kumweleza shemeji kwamba anayemkamua zaidi si aliyekaa getini. Akasema anajua, lakini dalali akikasirika anahamia kijiji cha pili, na serikali haihami. Hapo sikuwa na jibu. Pengine ndiyo sababu tunaigombania kodi kuliko makato mengine yote: ina risiti, ina geti, ina mtu wa kumnunia. Lumbesa haina risiti.

Jumanne, 25 Juni

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, limefungwa tangu jana. Mtu wangu wa vitenge amenitumia picha ya mtaa mzima wenye milango ya chuma iliyoshushwa, na maneno mawili: "Vuta subira." Wanalalamikia kamatakamata ya risiti na ukadiriaji wa mizigo. Mei ya mwaka jana waligoma kwa mambo hayohayo. Mbeya nako wamefunga. Sisi huku tumefungua, ila tunauza mzigo wa zamani, na mzigo wa zamani ukiisha tutakuwa tumegoma bila kupenda.

Mteja mmoja, mwalimu, amesema wafanyabiashara wanalia wakati mshahara wake unakatwa kabla hajauona. Ana haki. Lakini kuna jambo ambalo mwenye mshahara halioni. Kwa sisi wadogo kodi inahesabiwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayalipi. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Nikiuza milioni 9 na daftari la mauzo liko sawa, nalipa 150,000. Bila daftari, laki moja zaidi. Kwa hiyo lile daftari la chini ya kaunta lina thamani kuliko hili. Lakini viwango vyote viwili haviulizi kama mwaka huo nilipata au nilikula mtaji.

Jioni simu zote zilikuwa Nairobi. Vijana wanaoupinga Muswada wa Fedha wameingia bungeni.

Jumatano, 26 Juni

Rais Ruto wa Kenya amekataa kuusaini Muswada wa Fedha. Kijiwe cha bodaboda kimefurahi kama vile wao ndio wangelipa. Kinachowachekesha zaidi ni jina ambalo Wakenya wamempa Rais wao, Zakayo, na ile amri ya kumtaka ashuke. Katika Injili, Zakayo alikuwa bosi wa watoza ushuru wa Yeriko, na mali alikuwa nayo tele. Alipoitwa na Yesu alishuka kweli kutoka mtini, na aliposhuka alijipangia mwenyewe: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Wakenya wamechukua mti na kushuka, hiyo mara nne sijasikia ikidaiwa. Mji huu una Wakatoliki wengi, nimewaambia vijana wamuulize padri.

Wakauliza kwa nini wasanii wetu hawaimbi hivyo. Muuza viatu akawakumbusha Nay wa Mitego, Machi 2017, alipokamatwa kwa wimbo wa "Wapo", kisha akaachiwa, na Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, ila aongezee na wengine, wakiwemo wakwepa kodi. Sidhani kama kuna mwanamuziki mwingine nchini aliyewahi kuelekezwa mashairi na Ikulu.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Soko limepooza, basi tumekaa kuwasema matajiri.

Kuna mzee mmoja mjini, simtaji hata humu, ana malori, ana mashine za kukoboa, ana nyumba yenye ukuta wa mawe. Kila anayekaa kijiweni ana maelezo yake juu ya mali hiyo. Ya kwanza ni ndagu, uchawi wa kutafutia mali. Ya pili ni chuma ulete: eti noti zake zikilala kwenye droo ya mtu, asubuhi zinarudi kwake pamoja na noti za mwenye droo. Mama wa genge la nyanya anaapa kwamba akipokea hela ya mzee yule huitenga na kuiwekea chumvi. Sisi watu wa Sumbawanga tumetaniwa kwa uchawi nchi nzima, mpaka kwenye basi ukisema unatoka Rukwa abiria wa jirani anasogea, na bado utani huo huo tunautumia kumwelezea tajiri wetu.

Mimi nilichosema kimewakera. Nimewaambia: nyumba yake ni ya chini, haina ghorofa. Kwa hiyo kodi ya jengo kwenye LUKU yake ni 1,500 kwa mwezi, sawasawa na banda la vyumba viwili ninalopanga. Angepandisha ghorofa ingekuwa 7,500 kwa kila sakafu. Ukuta wa mawe hauhesabiwi, bustani haihesabiwi. Kodi ya utajiri wenyewe, ya kumiliki tu, hatuna. Kodi ya urithi hatuna. Malori yake yakikaa uani hayadaiwi hata ada ya leseni ya gari, ilifutwa 2017, nasi tunailipia kwenye mafuta, akiwemo shemeji anaporudi Mpui kwa nauli ya Noah.

Nilipotaja Noah wakacheka, kwa sababu wote tunakumbuka Julai ya mwaka huohuo wa 2017, kampuni ya dhahabu ya Acacia walipoandikiwa deni la kodi la dola bilioni 190 na mtaa mzima ukaanza kugawana: kila Mtanzania Noah yake. Mwisho wake Barrick, wenye Acacia, wakakubaliana na serikali kwa dola milioni 300. Noah hatukuiona. Wenye hasira wakawa wengi kuliko walioelewa hesabu, nami nikiwa mmoja wa wenye hasira.

Muuza viatu akauliza viongozi je. Sheria ya Maadili ya 1995 inawataka waorodheshe mali na madeni kila mwaka. Wanaorodhesha, fomu zinakwenda kwa Sekretarieti ya Maadili, na hapa kijiweni hatujui kilichoandikwa. Mali ya mzee wa malori tunaiona, kwa hiyo ndiye mchawi.

Alhamisi, 18 Julai

Rais Samia amekuwa mkoani kwetu wiki hii. Mji umefagiwa. NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, wananunua mahindi kwa 700 kwa kilo, na Zambia, iliyopigwa na ukame, imekubaliana nao kuchukua tani 650,000. Bei njema kabisa kwa aliyebaki na mahindi.

Shemeji alikwisha kuuza. Dalali ana gunia lake la kilo 120 alilolitolea 45,000. Likifika kituoni likiwa kavu na limechekechwa, bila kupungua uzito, ni 84,000. Atoe usafiri, atoe ushuru wake, atoe wapakuaji, bado. Nimempigia shemeji kumpa pole. Amesema ada ya shule haikungoja NFRA.

Jumatatu, 22 Julai

Mjomba amelala kwangu akisubiri basi la alfajiri. Nimemuuliza juu ya babu, kwa sababu siku hizi kichwa changu kimejaa kodi.

Babu alikwenda Tanga kama manamba, kwenye mkonge, enzi za SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kukusanya vibarua. Ufipa ilikuwa na mahindi, ulezi na ng'ombe, lakini serikali ya Mwingereza ilitaka kodi kwa shilingi, na shilingi haikuwa huku. Mwanaume alikuwa na mikono tu ya kuuza, na soko la mikono lilikuwa mwisho wa reli. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilijazwa siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza mstari wako haikuhesabiwa. Mjomba anasema babu alirudi na blanketi, sufuria na stakabadhi ya kodi, na stakabadhi ndiyo aliyoificha vizuri zaidi.

Mjomba mwenyewe alikimbia kodi ya maendeleo, ile iliyorudi miaka ya 1980. Mgambo wakija alfajiri, wanaume wa kijiji wanalala kwenye vichaka vya mtoni. Ilifutwa 2003. "Ile ilikuwa kodi ya kuwa na kichwa," amesema, "ya leo angalau ni ya kuwa na kitu." Nimemwonyesha meseji ya LUKU. Ameisoma kwa kuisogeza mbali na macho, kisha akauliza nyumba ni ya nani.

Ijumaa, 2 Agosti

Ikulu imetangaza Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, mwenyekiti Balozi Ombeni Sefue. Muuza viatu anaamini watafika mpaka Sumbawanga kukusanya maoni, na ameshaanza kuniandaa niseme kwa niaba ya safu yetu ya maduka, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Tumekosana kwenye kipengele cha kwanza. Yeye anataka tuanze na makadirio na kamatakamata. Mimi nataka tuanze na nyumba: kodi ya jengo ifuate thamani ya jengo, adaiwe mwenye jengo, na mita ya mpangaji iachwe na umeme wake. Cha pili nimeandika mizani, mzani wa serikali kwenye kila kijiji kinachouza mahindi, kabla ya kumwuliza mkulima habari za ushuru. Muuza viatu anasema hiyo si kodi, ni mambo ya Wakala wa Vipimo, tutaonekana hatujui tulichoitiwa. Nimeiacha hapohapo namba mbili.

Kuhusu mzee wa malori, amenisihi nisimtaje, hata kwa mafumbo, kwa sababu ndiye anayetukopesha mifuko ya saruji.