Nilimsingizia Fundi

Watu wa Masereka walioniuliza kwa nini nimeitoa Carina niliwajibu kwamba fundi aliiharibu. Nilisema uongo. Fundi yule ndiye aliyeiwezesha kupanda milima yetu ikiwa imejaa puaro na viazi vya kizungu, masika na kiangazi. Niliitoa kwa sababu nilitaka vijana wa Butembo wageuze shingo nikipita.

Carina yenyewe ilikuwa Toyota ya miaka ya 1990. Ilifika kwetu kwa njia ileile ya gari nyingi za Japani: meli mpaka Mombasa, kisha Kampala, Mpondwe, Kasindi, Beni. Ndiyo maana usukani wake ulikuwa kulia katika nchi ambayo watu wanaendesha upande wa kulia, na ukitaka kulipita lori inakubidi umwulize abiria wa kushoto kama mbele ni salama. (Abiria mwoga anaweza kukuchelewesha safari nzima.)

Huko ilikozaliwa iliundwa kwa ajili ya lami. Fundi aliivua moja moja tabia za mjini. Aliweka springi ndefu zaidi, akaongeza vipande vya chuma juu yake, akapandisha ekzosi, akachomelea bamba nene chini ya injini ili mawe yasitoboe bakuli la oili. Juu akafunga kichanja cha mizigo. Kila nilipoteremka kutoka milimani alikuwa analala chini ya gari, anatazama palipokwaruzwa, anarekebisha. Kazi ile haikuisha siku moja, na kwa kweli haikuisha kabisa. Kwa sura gari haikupendeza, nakubali. Ilisimama kama mbuzi aliyeshtuliwa. Madereva wenzangu waliicheka, nami kicheko chao kilinichoma kuliko nilivyoonyesha.

Ndipo nikaiona gari aina ya Altezza kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Ilikuwa nyeusi, iko chini, mlio wake unasikika kabla hujaiona. Alikubali kuichukua Carina, nami nimwongezee fedha. Fedha hizo zilikuwa zamu yetu ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, na mama watoto alikuwa ameshazipangia mabati ya nyumba. Nikamwambia bamba la fundi limepasua mwili wa gari, kwamba tukiendelea nayo itatuua njiani. Akaogopa, akanipa. Kesho yake akawaonya wanawake wenzake sokoni, nao wakawaonya waume zao. Madereva wakaanza kumkimbia fundi. Nilisikia, nikanyamaza.

Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, na kwa barabara nzuri ni gari ya kuheshimiwa. Muuzaji alinisifia nguvu farasi karibu 200. Hakusema, nami sikuuliza, kwamba hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inapungua, na Masereka iko juu ya mita 2,000. Kwa hiyo sehemu moja ya tano ya fahari niliyoinunua ilibaki mabondeni. Halafu injini ile inataka petroli ya daraja la juu. Mimi nilikuwa nainywesha chochote cha kadafi, muuza mafuta wa kando ya njia, nayo ikawa inagonga kila kwenye mwinuko.

Tope ndilo lililonimaliza. Carina ilivutwa na magurudumu ya mbele, uzito wa injini ukiwa juu yake. Altezza inasukumwa na ya nyuma, na mkia wake mwepesi ulikuwa unakwenda unakotaka. Siku moja watu wa salongo (kazi ya pamoja ya jamii), majembe mkononi, walinikuta tumbo la gari limekaa juu ya tuta la katikati ya njia. Walinisukuma. Mzee mmoja aliizunguka, akauliza kwa adabu: «Papa, gari hii ilikuwa ya kwenda wapi?»

Nikampelekea fundi ainyanyue. Ndiyo, yuleyule. Alilala chini kama zamani, akatoka akifuta mikono. Akasema anaweza kuipandisha kidogo tu. Akizidisha, mihimili ya magurudumu itakaa upande na kuvunjika. Hakupandisha sauti. Kisha akauliza: «Yaya, lile bamba lilipasua wapi? Nionyeshe, nisirudie kosa kwa mwingine.»

Alikuwa anauliza kweli. Muda wote ule alikuwa anaamini kwamba nusura aniue, na alikuwa ameacha kuchomelea mabamba kwenye gari za watu. Sikuwa nimewaza kwamba uongo wangu ungemfikia kwa namna hiyo. Nilidhani atakasirika tu.

Nilimwambia palepale. Aliketi juu ya tairi, akakaa kimya, kisha akaniomba niiondoe gari mlangoni pake kwa sababu anasubiri mteja. Hapakuwa na mteja.

Basi madereva mliomwacha, sikieni kutoka kwangu: bamba halikupasua kitu. Carina bado inabeba mizigo, ina mwenyewe mwingine, na bamba ni lilelile. Mama watoto naye nimemweleza. Tangu hapo fedha za likelemba anazipokea mwenyewe, na Altezza iko Butembo inatafuta mnunuzi anayeishi karibu na lami.