Nakala Iliyosalimika

Mfanyabiashara wa zamani aliwajua adui zake kwa sura: mwizi wa usiku, moto, panya, na mdeni asiyelipa. Adui wa leo hana sura wala unyayo. Huingia ghalani pasipo kugusa komeo, na mara nyingi hufunguliwa mlango na mwenye mali mwenyewe.

Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilifikwa na msiba wa namna hiyo. Programu ya hesabu za kodi iitwayo M.E.Doc, iliyotumiwa sana na wafanyabiashara wa Ukraine, ilikuwa imetiwa sumu. Waliopokea masahihisho yake, kwa imani ile ile ambayo mtu hunywa maji ya kisima cha kwao, walipokea maangamizi. Kirusi hicho, NotPetya, kilijidai kutaka kikomboleo. Lakini kikomboleo kilikuwa kanzu tu, kwa kuwa aliyelipa hakuweza kurudishiwa kitu. Kilipita katika ufa wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuutolea kiraka mwezi Machi. Tena kiliokota maneno ya siri ndani ya kompyuta moja kikafungulia nyingine, hata zile zilizokwisha zibwa. Basi si haki kuwalaumu wavivu peke yao.

Malori yalipanga foleni nje ya bandari. Makarani walirudi kwenye karatasi na kalamu. Kompyuta 45,000 na seva 4,000 zilisimikwa upya kwa siku kumi, na kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300.

Lililotisha zaidi halikuonekana bandarini. Seva zinazojua nani ni nani, na nani aruhusiwe kuingia wapi, zilikuwa zikiwekeana nakala zenyewe kwa zenyewe, nazo zilifutika pamoja. Nakala iliyofungwa kamba moja na asili yake ni kivuli cha asili: mwili ukianguka, nacho huanguka. Duka la kompyuta tatu lina hatari hiyo hiyo.

Moja tu ilisalimika, huko Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ikawa imezimika kabla ya kirusi kufika. Hakuna fundi aliyeyapanga hayo. Mtandao wa huko ulikuwa mwembamba mno kuipeleka Uingereza upesi, na watumishi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja wao aliruka mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenziwe diski ile uwanjani, naye akapanda ndege ya London.