Desemba Mkoani Mara

Ukitaka kiti kwenye basi la Dar kwenda Musoma mwezi Desemba, kata tiketi mapema. Mkoa mzima unarudi nyumbani. Nilisafiri nimebanwa kati ya ndoo mpya za plastiki na mabegi ya nguo za sikukuu, mpaka Bunda, ambako lami ilikuwa inameremeta kwa jua na wauza maji baridi wakigombania madirisha. Abiria wa nyuma alisema Bunda haina joto, ina hasira. Sikubishana naye.

Musoma kuna afadhali kwa sababu ya ziwa. Jioni upepo unapanda kutoka Mwigobero ukiwa na harufu ya dagaa, muziki unatoka kila baa, na sato wa kukaanga hawezi kukusubiri ukichelewa. Harusi juu ya harusi. Nilikula, nikacheza, nikasahau kwamba mimi ni mwandishi wa habari.

Kesho yake nikaenda Butiama. Pale Mwitongo, lilipo kaburi la Mwalimu Nyerere tangu 1999, pametulia kiasi kwamba unasikia pumbi wakitembea juu ya mawe. Mtu wa vitabu akifika pale hawezi kuacha kumfikiria Nyerere mfasiri: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku anaendesha nchi. (Mimi kumaliza makala moja ni wiki nzima.)

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo, rafiki wa shangazi yangu.

"Shikamoo mama. Maandalizi ya Krismasi vipi?"

"Marahaba mwanangu. Krismasi ipo. Ila shule zikifungwa, wengine huku tunahesabu mabinti."

Nilimwelewa. Desemba hiyohiyo ndiyo msimu wa tohara kwa baadhi ya koo za mkoa huu, hasa pande za Tarime na Serengeti. Wavulana hupitishwa barabarani kwa nyimbo na filimbi, watu wanashangilia. Lakini wapo wasichana wanaokeketwa, na wapo wanaotoroka usiku kwenda nyumba salama, kama ile ya Masanga. Sheria ya 1998 inampa anayemkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kifungo kisichopungua miaka 5. Sheria ipo, na ngariba bado wana kazi.

Katika tamthilia ile ya Kaisari, mtu anaonywa tarehe ya hatari, anapuuza. Huku tarehe inajulikana na kila mtu: mzazi, mwalimu, mwenyekiti wa kijiji, na binti mwenyewe anayeiona likizo ikikaribia wakati wenzake wanaifurahia. Hapo ndipo sherehe ya Musoma ilipoanza kunikaa vibaya tumboni.

Chumba cha uani kulikuwa na godoro jipya, bado lina nailoni yake. Nikauliza la nani.

"La atakayekuja," mama akasema. "Mwaka juzi walikuja wawili, wa ndugu yangu. Mwaka jana hakuja mtu, nikakosa usingizi zaidi."

Kisha akataka kujua kama ninakula ugali wa mtama au anisongee wa muhogo.