Gitari Iliyosema Chini ya Blanketi

Wale waliotusikia katika arusi wanajua kwamba tuna gitari moja tu ya umeme, nayo ndiyo ya solo. Wengine wetu hupiga gitari za mbao zisizotaka umeme, na mama watano huimba. Sisi ni watu wa Katuba, mjini Lubumbashi, wala hatuna sifa kubwa. Lakini mwaka jana tulikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya kifungo kimoja kidogo cha kuzungusha, na habari hiyo twaona yafaa kuandikwa.

Mkubwa wa waimbaji, ambaye sisi wote twamwita Mama tu, alisema gitari yafunika maneno. “Wanangu, bibi arusi ameketi pale, naye hasikii anaambiwa nini. Shusheni.” Lilikuwa ombi la haki. Mpigaji wetu, kijana wa adabu, akageuza kifungo cha sauti kilicho juu ya gitari mpaka katikati, tukaanza wimbo. Loo! Sauti haikuwa ndogo tu, ilikuwa imekufa. Noti za juu, zilizo kama matone ya mvua juu ya bati, zilipotea. Yalibaki manung’uniko, kama mtu asemaye chini ya blanketi. Na solo ya kwetu Kongo, tangu siku za Docteur Nico katika African Jazz, uzuri wake uko kule juu. Kijana akavumilia wimbo mmoja, kisha akapandisha tena. Mama akamtazama. Siku ya posho iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, wala ya tatu.

Tulimshitaki kijana kwa kiburi. Twaona haya kuyasema leo, maana hakuwa na kosa. Alikuwa akisikia kitu cha kweli, ila hakuwa na maneno ya kukieleza.

Mwisho tulimpelekea gitari mzee mmoja atengenezaye radio karibu na soko. Hata hakuifungua kwanza. Akasema: “Watoto, nionyesheni waya wenu.” Waya wetu ulikuwa wa meta 10. Tulijivuna nao sana, kwa sababu ulimfikisha mpigaji mpaka katikati ya uwanja. Mzee akacheka.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyo. Chini ya nyuzi za gitari kuna sumaku iliyozungukwa na waya mwembamba wa shaba, mara maelfu. Uzi ukitetemeka, hutoka umeme kidogo sana. Umeme huo hupita katika kifungo, kisha katika waya mrefu, ndipo ufike kwenye ampli. Lakini waya ule una shaba mbili: moja katikati, na nyingine imeifunika kama ala ya kisu. Shaba mbili zikikaa karibu hivyo bila kugusana, tayari umepata kapasita. Kila meta yaweza kuwa na pikofaradi 100, basi waya wetu ulikuwa na kama 1000.

Na kapasita ni nini? Mzee alisema: ni ua wenye matundu madogo. Kuku hupita, mbuzi hubaki. Sauti za juu ndizo kuku. Kifungo kikiwa wazi kabisa, umeme haukutani na kizuizi njiani, na kuku wengi hufika nyumbani. Ukikishusha, unatia kizuizi kati ya sumaku na waya. Umeme hudhoofika, na kuku hutorokea matunduni, wakapotea ardhini. Mbuzi peke yao wanafika. Kifungo chetu kilikuwa cha kilo-om 500. Kikifika nusu ya kizuizi hicho, na waya wa pikofaradi 1000, sauti zaanza kupungua toka kama hertz 1300 kwenda juu. Waya wa meta 3 ungalisogeza mpaka huo kufika kama 4200. (Gitari nyingi za Fender zina kifungo cha kilo-om 250, nazo haziumii sana kama hivyo.)

Basi tulinunua waya mfupi, na mzee akalehemu kapasita ya pikofaradi 1000 kati ya mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea wa kifungo. Ni tundu tena, lakini hili laelekea nyumbani. Fender yenyewe ilitia kapasita ya namna hii katika Telecaster, mwishoni mwa miaka ya 1960. Bei yake haikufika ya chupa moja ya soda.

Tulidhani tumemaliza. Kumbe, kifungo kikishuka sana, mbuzi walizuiliwa na kuku wakapita wote, na gitari ikalia kama mbu sikioni. Mzee akaongeza rezista ya kilo-om 150 sambamba na kapasita, na sauti ikapata mwili. Lakini kifungo kikabadili tabia: sasa chashuka polepole, kisha ghafula karibu na mwisho. Kijana alinung’unika juma zima, halafu vidole vikazoea.

Jambo moja halikuwamo katika gitari. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, masikio yetu yenyewe husikia kwa udhaifu zile za chini na zile za juu kabisa. Ndiyo maana sasa twaongeza kidogo pande hizo mbili kwenye ampli. Tena tumeliinua bafle juu ya kiti, maana zamani lilikuwa likiyapigia magoti ya mpigaji, na masikio yake hayakupata kitu.

Kijana alikwenda kwa Mama peke yake, na gitari na ampli ndogo. Alimkuta uani akichambua maharagwe. Akaweka kifungo chini, akapiga wimbo wa bibi arusi pasipo kusema neno. Mama aliendelea na maharagwe yake. Katika ubeti wa pili akaanza kuimba, na kila neno lilisikika mpaka kwa jirani. Walipomaliza akauliza: “Na arusi ya siku ya posho ni saa ngapi?”