Gari la Dizeli Likigoma Asubuhi ya Baridi

Akina mama wenzangu, sisi tunaoishi Mbeya na Iringa tunaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Maji ya bomba huuma vidole, na mtoto akiamka hutafuta sweta kabla ya chai. Asubuhi kama hizo ndizo magari ya zamani ya dizeli hugoma kuwaka. Mama ambaye mume wake yuko safarini hubaki uani na ufunguo mkononi, na mtu wa kwanza kufika akijiita fundi ndiye anayeaminiwa. Naomba leo tuzungumze juu ya jambo hili, maana linagusa mfuko wa nyumba na amani ya nyumba pia.

Kwetu gari si anasa. Ni gari dogo la mizigo lenye umri mkubwa kuliko mtoto wetu wa kwanza, nami hulitumia kubeba viazi na kabichi kutoka Uyole. Mume wangu anafanya kazi Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa Mbeya, naye huja mwisho wa mwezi.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita ukielekea kwisha, gari lilikataa kuwaka. Stata ilizunguka vizuri, lakini injini haikushika. Fundi aliyeletwa na jirani alifungua boneti, akatazama kwa dakika chache, akasema, "Mama, hapa ni betri mpya na stata. Bila hivyo hulitoi." Fedha zilizokuwa ndani zilikuwa za ada ya binti yetu, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nikampigia mume wangu simu. Hakusema nunua wala usinunue. Aliniuliza, "Mama, ukizungusha ufunguo, gari linajibu nini?"

Swali hilo ndilo lililoiokoa ada. Ili tulielewe, yatupasa kwanza kujua injini ya dizeli huwakaje. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1893, alifuata njia nyingine: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka yenyewe. Katika magari kama letu hewa hubanwa karibu mara 20, na joto lake hupita nyuzi 500. Basi joto ndiyo siri yake yote. Sasa fikiri juu ya Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chuma kilicholala kwenye baridi usiku kucha hulinyonya joto lile, na hewa ya milimani nayo ni nyepesi. Ndiyo maana injini nyingi za zamani zina plagi za kupasha joto, moja kwa kila silinda, ambazo mafundi huziita hita. Ile taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, yenye mchoro wa waya uliojiviringa, inakuambia usubiri. Ikizimika ndipo uzungushe ufunguo mpaka mwisho.

Gari likigoma, jibu lake huwa moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni kimya, au mlio mmoja wa "tik" huku taa zikififia. Hapo moto wa betri haufiki kwenye stata. Usikimbilie dukani. Tazama vichwa vya betri kama vimeota unga mweupe au wa kijani, au kama waya zimelegea. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa brashi na maji ya moto, kausha, kisha kaza. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6 kwenye mita. Ikisoma 12 tu, iko karibu kwisha. Betri ikiwa nzima na waya safi, ndipo stata ishukiwe.

La pili, stata inazunguka kwa nguvu, injini haishiki, na moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi. Moshi huo ni dizeli iliyofika lakini haikuungua. Mara nyingi kinachokosekana ni joto. Hita zipimwe, pamoja na fyuzi na waya zake.

La tatu, stata inazunguka lakini hakuna moshi hata kidogo. Dizeli haifiki. Huenda tangi ni tupu, chujio limeziba au limejaa maji, hewa imeingia kwenye mpira uliopasuka, au umechomoka waya mdogo wa swichi ya kukatia dizeli iliyo kwenye pampu.

Letu lilikuwa na moshi mweupe. Nikamwambia yule fundi kwa upole, "Stata inazunguka, kwa hiyo betri na stata vinafanya kazi. Naomba tupime hita kwanza." Hakupenda, akaondoka. Mzee mmoja mwenye gereji mtaani kwetu alikuja na taa ya kupimia, akakuta hita tatu kati ya nne zimekufa. Tulinunua zote nne, na gharama haikufika nusu ya bei ya betri. Binti yetu alikwenda shule na ada yake.

Yako mambo ya kukataa hata kama una haraka. Usizungushe stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ipumzishe dakika moja. Usikubali mtu apulizie etha au aweke kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa, kwa sababu hita zikiwa za moto huweza kulipua na kuvunja pistoni. Wala moto wa kuni usiwashwe chini ya injini. Na watoto wasiitwe kusukuma. Gari lisilowaka breki zake huwa ngumu, na vilima vyetu tunavijua.

Nyumba nyingi hugombana kwa ajili ya gari. Mume aliye mbali huona fedha zimetoka asijue zimekwenda wapi, na mke hujiona haaminiwi. Sisi tumeweka daftari ndani ya gari. Tunaandika tarehe, gari lilijibu nini, kilichonunuliwa na bei yake. Mume wangu akija tunalisoma pamoja, na maneno yamepungua.

Mama, si lazima ushike spana. Jua tu kusema, "Stata inazunguka, moshi ni mweupe." Fundi mwaminifu atafurahi kwa kuwa umemrahisishia kazi, na asiye mwaminifu ataelewa kwamba hapa hakinunuliwi kitu kabla ya kupimwa. Mwezi wa tano, kabla baridi haijakolea, mwombe fundi wako apime hita na betri na kumwaga maji yaliyo kwenye chujio. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja.