Guangzhou: Mhudumu Amenuna, Meza Imechangamka

Wafanyabiashara wetu wengi wanaijua Guangzhou kwa kontena. Wanafikia mtaa wa Xiaobei, wanazunguka maduka ya jumla, wanabishana kuhusu bei ya mzigo hadi Dar es Salaam au Mombasa, na usiku wanakula wali na kuku katika mikahawa ya Waafrika. Maonyesho ya biashara ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, yakiwadia, hoteli zinafurika na vyumba vinapanda bei. Mimi nilitaka kuuona mji huu ukiwa umekaa chini, unakunywa chai. Asubuhi moja ya Machi nikapanda treni ya chini ya ardhi kwenda Liwan, upande wa magharibi wa mji wa kale.

Machi, Guangzhou yote inatoka jasho. Upepo wa joto wenye unyevu unaingia kutoka kusini na kuzikuta kuta bado zina baridi ya miezi iliyopita. Basi vigae vinalowa, vioo vinatiririka maji, na nguo iliyoanikwa jana leo bado mbichi. Wenyeji wanakiita kipindi hicho wui naam tin, nao hufunga madirisha ili unyevu usiingie. Juu ya vichwa vyao misufi ya huko imechanua bila jani hata moja, maua mekundu, manene, ambayo yakianguka yanatoa kishindo. Ndilo ua rasmi la jiji, lakini heshima hiyo haiwazuii bibi wazee kuyaokota, kuyaanika na kuyachemsha wanywe.

Barabara ya Enning ni ya kutembea polepole. Ghorofa za juu zimetokeza mbele na kusimama juu ya nguzo, kwa hiyo mpita njia yuko kivulini mwanzo hadi mwisho, na mvua ikinyesha haimgusi. Wafua shaba wanagonga masufuria na mabirika, koko-koko-koko, na hawakuinulii macho. Duka moja linanuka maganda ya machungwa yaliyokaushwa, la pili samaki mkavu, la tatu mizizi ya dawa. Halafu unakuja mvuke: mweupe, mzito, wenye harufu ya unga mtamu na mianzi mibichi. Hapo unajua nyumba ya chai iko karibu.

Liwan ina nyumba za chai zenye majina makubwa. Tao Tao Ju, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1880. Niliyoingia mimi haina umaarufu huo, na kwa yatakayofuata nitaiachia sitara yake. Mlangoni nilipewa namba, nikasubiri, namba yangu ikarukwa, nikalalamika kwa ishara za mikono, nikasukumwa kwa upole hadi ghorofani. Ukumbi ulikuwa na kelele za soko la samaki alfajiri. Huko mezani hakuna ugeni: palipo na kiti kitupu ndipo pako. Nikaketishwa na babu na bibi ambao hawakuwa wakinitarajia, wala hawakushtuka.

Mhudumu alikuja, akabwaga birika, vikombe na bakuli kubwa tupu, akaondoka kabla sijafungua kinywa. Nikabaki nalitazama bakuli. Bibi akacheka, akanivuta mkono. Maji ya kwanza ya moto, alinionyesha, si ya kunywa: unayamimina juu ya kikombe, unazungusha, unachovya vijiti, kisha yote unayamwaga kwenye bakuli lile. Sasa ndiyo unakunywa. Babu akanijazia chai ya bo lei, nyeusi, yenye harufu ya udongo uliolowa mvua. Nilipotaka kushukuru, akagonga meza kwa ncha za vidole viwili kunifundisha. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong alisafiri akijificha kama raia, akawamiminia chai watumishi wake, nao, wasiweze kupiga magoti wakamfichua, wakakunja vidole mezani badala ya magoti. Kweli au hadithi, ukumbi mzima ulikuwa ukigonga.

Chakula kilikuja kwa mpango wake chenyewe. Niliagiza wali wa kunata wenye kuku, uliofungwa katika jani la yungiyungi. Nikaletewa mbavu za nguruwe za meza ya jirani, zikachukuliwa, zikarudishwa, zikachukuliwa tena. Cheung fun, yale maandazi laini ya mchele yanayokunjwa kama mkeka na kumwagiwa mchuzi wa soya, yalifika yamepoa. Ha gau zilifika zinafuka: ngozi nyembamba hata uwekundu wa kamba unaonekana ndani, mikunjo iliyopangwa kwa vidole vyenye subira, na ukiuma, kamba anakatika kwa mlio. Zikafuata fung zau, miguu ya kuku. Mtu wa Dar hahitaji kushawishiwa kula miguu ya kuku, lakini hii ilikuwa imekaangwa, ikaloweshwa ngozi ikavimba, ikapikwa kwa mvuke na maharagwe meusi ya soya yaliyochachushwa, mpaka nyama ikaachia mfupa yenyewe. Bibi alinitazama nikitema vifupa bila aibu, akanisogezea kikapu chake.

Neno kwa wasiokula nguruwe: yumo karibu kila mahali. Si kwenye vifurushi vya nyama vya siu mai na mikate ya char siu, nguruwe wa kuchoma, tu. Mafuta yake mara nyingi huchanganywa hata kwenye kinyunya na kijazio cha ha gau. Uliza kabla ya kuonja, au tafuta mikahawa ya mboga tupu iliyo karibu na mahekalu ya Kibudha.

Birika likaisha. Niliinua mkono, mhudumu akapita. Niliinua tena, akapita, safari hii kwa kasi zaidi. Bibi akakiegemeza kifuniko ukingoni mwa birika, ndiyo alama ya kuomba maji, na alama ilipokosa wa kuisoma, akaita kwa sauti iliyovuka meza zote: “Leng neoi!” Yaani mrembo. Mrembo, mwanamke wa makamo mwenye uso wa Jumatatu, alileta maji papo hapo. Lakini katika ukumbi huohuo palikuwa na mama wa toroli, maana nyumba chache bado zinatembeza vikapu kwa toroli, naye alifunua kila kifuniko ninuse, akanikataza kwa kidole kikapu kilichokuwa kimekaa sana, akapiga muhuri kwenye kadi yangu, akaenda zake akiimba.

Nilipoangalia meza nyingine nikauelewa ukumbi ule. Mzee mmoja alikuwa na gazeti, birika na vikapu viwili, yat jung leung gin kama wanavyosema, na alikuwa pale kabla yangu. Wengine walicheza na wajukuu, wengine walisinzia. Wahudumu hawakuwaendea, na hakuna aliyeona ametelekezwa. Aliyeketi ndiye mwenyeji: anammiminia jirani kabla ya kujimiminia, anamwonyesha mgeni, anaita maji. Nyumba inauza vikapu na ada ya chai kwa kila kichwa, inayolipwa kwa simu. Ukarimu wanauleta wateja kutoka nyumbani. Cheung fun baridi ni kosa la jiko, sitalitetea. Ila nilikaa hadi karibu adhuhuri, na bili haikuletwa mpaka nilipoiomba.

Mchana nilitembea hadi bustani ya ziwa Liwan, wazee wakiimba opera ya Kikanton kwa fidla ya nyuzi mbili na spika kubwa kuliko lazima. Baadaye Shamian, kisiwa kidogo walichokigawana zamani Waingereza na Wafaransa, chenye miti mikubwa inayoshusha mizizi hewani na maharusi wanaopigwa picha chini yake. Jua lilipoinama nikapanda kivuko cha mto Lulu, nikala keki ndogo ya mayai, makombo ya siagi yakanimwagikia gauni.

Usiku Xiaobei nilimkuta kijana wa Kariakoo anafunga mabunda ya nguo. Nikamweleza nilikokuwa.

“Kule si wanakununia, dada? Mimi niliingia siku moja, hakuna aliyenisalimia.”

“Wananuna, kaka. Lakini kaa meza yenye bibi, na usiwe na haraka.”

Akakata kamba kwa meno, akafikiri. “Jumapili sina mzigo,” alisema. “Wanafungua saa ngapi?”